Munyu

Mtaalamu wa lishe pale Kakamega ni binti mdogo tu,
kalamu kaichomeka kwenye nywele.
Aliniuliza, "Mama Kageha, mboga mnaunga na nini?"
Nikamwambia munyu.
Akaandika: chumvi.

Nikasema futa, mwanangu, si hiyo ya pakiti.
Munyu ni maganda ya maharagwe yaliyokauka juani,
yakachomwa, majivu yakashindiliwa kwenye chungu chenye tundu,
yakanyweshwa maji kidogo kidogo
mpaka chini likadondoka tone la rangi ya turungi.
Akaiweka kalamu mezani.
"Hiyo," akasema, "ndiyo mbaya zaidi."

Miaka thelathini na miwili nimepika matanga,
kuanzia Mbale mpaka Chavakali.
Nimemzika mchungaji, nimemzika mwizi wa ng'ombe,
wote kwa sufuria moja.
Kunde zilizokomaa hata mbuzi angezisusa,
nilizitia kijiko kimoja zikalainika kama maneno ya mchumba.
Walisema: jikoni kwa Kageha
hata mfiwa huongeza sahani.

Sasa ni Jumanne na Ijumaa, mashine na mimi,
saa nne mkono umenyooka, damu ikienda na kurudi
kama mgeni aliyesahau mwavuli.
Kabla ya hapo, mizani.
"Kilo tatu za maji, mama. Umekunywa nini?"
Nimekunywa mvua kwa macho, sista.
Nimekunywa uji wa wenzangu kwa pua.
(Na vikombe viwili vya chai kwa shemeji. Hicho sikukisema.)

Chupa ya soda, ile ya nusu lita, ndiyo kisima changu.
Naijaza asubuhi, mchana inanitazama,
jioni naipima kwa kidole kama mlevi anayepima deni.
Kiu ikizidi nanyonya kipande cha barafu, polepole,
ulimi ukijidanganya kwamba ni mto Yala.

Viazi navikatakata, navilowesha usiku kucha,
navichemsha, namwaga maji,
navichemsha tena, namwaga tena.
Kinachobaki ni kiazi kilichosahau jina lake.
Mboga vilevile. Parachichi kwaheri. Maharagwe, kwa kuonja.
Ugali mweupe naruhusiwa, na kipande cha kuku
kisichozidi kiganja changu.
Nilikitazama kiganja. Kumbe ni kidogo hivi,
mkono uliogeuza ugali wa watu mia tano!

Mwezi uliopita alifariki jirani, mzee Endeche.
Waliniita, si kupika, kuonja tu.
Mke wa mwanangu, Mideva, alinishikia mwiko.
Niliweka tone kwenye ulimi, nikalifikiria,
nikalitema kwenye majani.
Nikasema: punguza moto. Ongeza kitunguu. Munyu umetosha.
Akina mama wakacheka, mmoja akageuka upande
akajifuta kwa leso, akasingizia moshi.

Siku hizi nina kisufuria changu, kimebonyea ubavuni.
Ndimu, dania, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikakubali kosa.
Jana Asava, mjukuu wangu, alikifunua kwa makosa, akala.
"Nyanya, hii haina kitu!"
Akala tena. Akakomba.
Nikalala njaa nikiwa na furaha ya mpishi.

Lakini lile nililotaka kukwambia ni la mgomba.
Maji ninayomwaga, ya viazi, ya mboga,
yenye kila kitu nilichokatazwa,
huyamwaga nyuma ya jiko, mahali pamoja, kila siku.
Mgomba uliokuwa umekonda pale, umenona.
Una mkungu mzito hata tumeuwekea nguzo mbili.
Siwezi kula hata kidole chake.

Jumapili nitaukata.
Vichane viwili kwa Mideva, kimoja kwa mjane wa Endeche,
na kimoja nitapanda nacho gari Jumanne
nimpelekee yule binti wa kalamu.
Nitamwambia: onja, mwanangu.
Uniambie mimi nina ladha gani.