Daftari la Luku

Mita ilifungwa ukutani kwangu, chumba cha kwanza,
na kwa kosa hilo la fundi nikawa karani:
daftari la kurasa themanini, kalamu imefungwa uzi
isije ikaenda shule na watoto.

Chikongola, vyumba sita, mita moja.
Nankumba: taa, redio. Pasi anaikana.
Mwalimu Chitanda: taa, feni, na hoja.
Mzee Likwachala: taa, anayoizima saa mbili usiku
akalala kama mtu aliyemaliza deni.
Chumba cha tano, wageni, pazia zito, sijui wana nini.
Somoe, chumba cha sita: friza.

Friza! Likitajwa uani watu hushusha sauti.
Somoe anauza barafu za ukwaju,
na msimu wa korosho ukifika, za mabibo.
"Anatunyonya," asema Nankumba,
shati limenyooka mpaka kola,
limenyooka bila pasi, sijui kwa dua gani.

Elfu kumi ilikuwa ikifika Jumapili.
Siku hizi inachoka Alhamisi.
Nikauliza dukani. Makato, wakaniambia, kodi ya jengo.
Jengo la nani?
Mwenye nyumba yuko Masasi, hajui hata bati linavuja wapi.

Basi tukachanga tena, sarafu kwa sarafu,
Somoe akatoa mara mbili bila kuulizwa.
Asumini wangu akanisomea namba kwenye simu:
sita, tisa, sifuri, nne,
taratibu mwanangu, rudia,
tarakimu ishirini kama nyuradi,
na kwenye ya kumi na nane
pu.
Mtaa mzima.

Nimenunua umeme na umeme haupo.
Nimebaki na risiti
kama aliyebaki na shati la mwizi mkononi.

Kaka yangu alichimba mtaro wa bomba la gesi.
Siku moja alinisimamisha njiani akanionyesha:
linapita hapa, chini ya mguu wako.
Nikakanyaga. Nikakanyaga tena.
Mguu haukusikia kitu.
Gesi ina safari ndefu, haina muda wa kusalimia.

Usiku wa kwanza tulisema utarudi.
Kutwa nzima tukasema hivyo hivyo, kwa sauti ndogo.
Mkaa ukapanda kopo kwa mia mbili,
ming'oko ikachemkia nje, jiko moja, nyumba tatu.
Mwalimu akasahihisha madaftari kwa tochi ya simu
mpaka simu nayo ikamkatalia.

Jioni Somoe akafungua friza.
Sote tulikuwa uani, tukajifanya hatutazami.
Akatoa mfuko wa buluu wenye fundo: pweza wa Nankumba.
Akatoa dagaa wa Mwalimu.
Akatoa chupa ya maji ya Mzee, ya kunywea dawa.
Akatoa kichupa kidogo, sindano ya sukari, ya chumba cha tano,
akakifunga kitambaa kibichi, akakishusha mtungini,
polepole, kama anayelaza mtoto.
Chini kabisa, nusu kilo ya utumbo.
Wangu. Wa karani.
Haumo daftarini.

Barafu zilikuwa maji matupu.
Akazipasua moja moja ndani ya ndoo, akapitisha kikombe.
"Kunyweni, kesho itachacha."
Nankumba alikunywa viwili, hakusema neno.
Mwalimu naye alikunywa bila hoja.
Ukwaju ulinikwaruza koo.

Usiku ule nikawasha kibatari, nikafungua ukurasa mpya,
nikaandika majina sita, na mbele ya kila jina: friza.
Nilikuwa napiga mstari wa jumla
watoto wakapiga kelele, Umerudiii!
Redio ya Nankumba ikaanza katikati ya sentensi,
feni ikakohoa, nyumba ikawa nyeupe.
Nikaibonyeza upya namba yote, ikakubali.
Kisha nikasikia sauti inatoka mlangoni,
na sauti ilikuwa yangu:

Nani kaacha taa ya nje? Izimeni.