Kamba ya Kafu

Mwaka ule serikali zilipokuwa zikipishana mlangoni
kama wageni wa msiba,
nilitaka kupeleka kichwa cha cherehani Lira.
Kichwa tu. Miguu yake ya chuma niliiacha Kisenyi
kwa Namatovu, aliyenifunga kanga kiunoni
na mashauri juu yake:
vua saa;
usikae mbele, usikae nyuma;
usimtazame askari machoni, usitazame chini pia,
atasema unaficha kitu.
"Nitazame wapi basi?"
"Vifungo," akasema. "Tazama vifungo vya shati lake."

Lori la Odur lilikuwa la chumvi.
Tulikaa juu ya magunia watu kumi na mmoja,
midomo ikikauka kwa chumvi na kwa kunyamaza.
Bombo tukapita. Wobulenzi tukapita,
nyumba zisizo na mabati,
milango isiyo na nyumba,
na kando ya njia mihogo iliyozeeka ardhini
maana aliyeipanda hakurudi kuchimba.

Kabla ya daraja la Kafu, kamba.
Kamba ya katani yenye vipande vya nailoni,
mbuzi angeweza kuiruka.
Odur akazima injini tangu mbali,
akashuka mikono ikitangulia,
kama mtu aliyebeba sinia.

Kwetu Kiswahili hakikuwa lugha ya kubembelezea mtoto.
Kilikuja na buti. Tulikisikia usiku, nyuma ya mlango:
fungua, lala chini, leta.
Lakini baba alikuwa fundi wa reli Tororo,
alifanya kazi na watu wa pwani,
akarudi na maneno yao mengine:
tafadhali, pole, umeamkaje.
Niliyabeba chini ya ulimi kama dawa.

"Jina?"
"Adongo."
"Ndiyo nini?"
Nikatazama vifungo. Cha pili hakikuwapo.
"Pacha wa pili kuzaliwa. Doto."
"Nani kakufunza kusema hivi?"
Hapo nikajua: neno likinyooka mno
nalo laweza kukushusha garini.
Kitako cha bunduki yake kilifungwa kwa mpira wa baiskeli.
Labda alikuwa na miaka kumi na saba.
"Mimi Kato," akasema, polepole, kama anayehesabu.
"Basi na mimi ni Doto."
Sikumuuliza Kurwa wake yuko wapi.
Hakuniuliza wangu.

Nilimshonea kifungo akiwa amesimama, shati mwilini.
Uzi niliukata kwa meno, karibu na kifua,
nikausikia moyo wake
unakwenda mbio kuliko wangu.
Wakachukua gunia moja la chumvi.
Kamba ikashuka.

Lakini tulikuwa kumi na mmoja.
Yule mwenye viatu vya kahawia,
aliyenipisha nikae pasipo na upepo,
alikuwa ameambiwa asubiri kidogo
nyuma ya kichuguu.
Odur aliwasha injini. Hakuna aliyesema ngoja.
Hata mimi, mwenye maneno yote yale.

Kapu lake la vitunguu lilifika Lira.
Lilikaa gereji kwa Odur mpaka vikachipua,
na hakuna aliyethubutu kuvila wala kuvitupa.

Siku hizi ni lami. Pale penye kamba
wanauza nyama ya kuchoma na maji ya chupa.
Wajukuu hupiga simu kutoka Kampala:
njia ni salama?
Nawaambia ndiyo, njooni, ila msisafiri usiku.
Na kweli ni salama, siwadanganyi.

Ila nami nikisafiri, basi likikaribia Kafu,
mkono wangu wa kulia huenda wenyewe
ukaivua saa,
macho yakatafuta vifungo vya kondakta,
nami nahesabu abiria.
Nahesabu tena.