Tawi la Wete

Wametuita tawi.
Shina liko Dar es Salaam, na mizizi, nasikia, iko nchi za mbali
ambako mtu hulipa ili atoke jasho.
Sisi tawi la saba: Wete, juu ya duka la misumari la Hamad Shaame,
ngazi ishirini na tatu,
mapazia mawili, moja zito, la pili zito zaidi.

Kitabu cha masharti kina kurasa mia na kumi na mbili.
Ukuta uwe wa waridi. Mashine kumi, ziwe duara.
Kila nusu dakika spika iseme: Badilisha!
Sauti ya msichana wa bara, kavu,
hajapata kuumwa na goti.
Biubwa humjibu kila mara:
"Haya bibi, twabadilisha, usitugombe."

Baada ya alasiri wanaanza kupanda.
Mabuibui yanatundikwa kwenye kulabu, moja moja,
yanatulia ukutani kama wanawake wengine
waliokuja kupumzika tu.
Chini yake hutoka usiyoyategemea:
suruali ya mtoto wa skuli, fulana ya kampeni ya mwaka ule,
dera lililokatwa magotini kwa kisu cha jikoni.
Time binti Faki kaja na jezi ya mwanawe, mlinda mlango.
Namba moja mgongoni.
Hakuna aliyecheka. (Tulicheka.)

Huyu Time, daktari wa Chake alimwambia: presha, sukari, tembea.
Akamjibu: mimi natembea tangu sijaota meno,
kuni kichwani, ndoo kichwani, karafuu kichwani,
kama kutembea ni dawa, mbona naumwa?
Siku ya kwanza alipumzika ngazini mara mbili
akanituma nimteremshie maji.
Akashika chuma. Akakinyanyua, akakirudisha.
Akakitazama.
"Basi? Hakipelekwi popote?"
Hakipelekwi, Bi Time.
"Hakuna anayekingoja?"
Hakuna.
Akakaa kitako sakafuni, akacheka mpaka akalia,
maana umri wake wote hajapata kubeba kitu
akakitua palepale alipokitwaa
pasi na mtu kumuuliza, mbona umechelewa.

Umeme ukikatika, na wakatika,
feni hufa, msichana wa bara hunyamaza katikati ya neno: Badi—
Biubwa ndiye huhesabu,
kwa sauti ile ile anayohesabia pishi kambini msimu wa karafuu,
haruki wala haibi.

Kulabu ya saba iko wazi.
Alikuwa akitundika Raya wa Khatib. Wiki tatu tu.
Mume kasema: nguvu hizo unamtafutia nani?
Sijui alimjibu nini. Sikuuliza.
Akija mgeni akataka kutundika pale, namwambia kulabu imelegea.
Haijalegea.

Juzi kaja mkaguzi, mwanamke mwembamba, na fomu.
Mbona ukuta una ukungu,
mbona duara limekuwa kama yai,
mbona pana birika la tangawizi na sahani ya vileja.
Ada ya jina imepanda, akasema, kwa kila tawi.
Nikamwambia: dada, huku matawi twayajua.
Mchumaji mwenye pupa huvuta, huvuta,
hushuka na konzi moja ya karafuu na tawi zima mkononi,
na msimu wa pili husimama chini akitazama juu,
pako wazi.
Aliandika kitu. Sijui kama ndiyo hayo.

Kileja alikula, lakini.
Cha pili akakifunga kwenye karatasi ya fomu iliyoharibika.

Alipokuwa akishuka walipishana na Time,
jezi chini ya buibui, kiganja kimoja ukutani,
midomo ikihesabu: kumi na tisa, ishirini.
Hakusimama.
Mkaguzi ndiye aliyejibana pembeni akampisha.