Yasiyoingia Kwenye Kipeperushi

Walinipa nafasi ya maneno mia na hamsini
na picha moja, ile anayotabasamu.
"Seneta wa jimbo Solange Cyr, mzaliwa wa Maine,
binti wa mfanyakazi, mama wa watoto watatu."
Karatasi ikajaa.
Mengine yakabaki mezani kwangu kama makombo.

Haikuingia harufu ya kiwanda cha karatasi,
ya mayai viza, iliyolala nao ndani ya mashuka,
ambayo baba yake, Rosaire, aliiita harufu ya mshahara.
Wala vidole vyake viwili
vilivyomezwa na rola zamu ya usiku,
naye Jumatatu akarudi kazini
maana tumbo halijui likizo.

Haikuingia siku ile darasani
mama yake, akiwa na miaka saba,
aliponong'ona kwa Kifaransa kuomba ruhusa ya kwenda msalani.
Aliandika ubaoni mara mia, kwa Kiingereza, kwamba hatarudia,
miguu imelowa,
wenzake wakihesabu mistari.
Ndiyo maana Solange hakurithishwa lugha ya bibi yake.
Aliijua ya sala tu,
na ya matusi.

Miaka kumi na mmoja aliendesha basi la shule
kwenye barabara zilizoganda zikawa kioo.
Humo ndimo alimojifunza siasa:
nani anapanda bila koti,
nani hataki kushuka akifika kwao.

Uchaguzi wa kwanza alishindwa kwa kura tisa.
Tisa! Waliomnyima aliwajua kwa majina,
na mmoja wao alinyonya ziwa moja naye.
Wa pili akashinda, mji mzima ukapiga honi.

Halafu kiwanda.
Wenye mali walikuja na tai na machozi,
wakaomba wasamehewe kodi, la sivyo watafunga.
Akainua mkono: ndiyo.
Wakaula msamaha, wakafunga vilevile
kabla theluji ya pili haijayeyuka.
Tangu hapo, akiingia dukani kwa Pelletier,
mazungumzo hutulia ghafla
kama maziwa yaliyoepuliwa motoni.
Nilikuwapo siku moja, nimeshika mkate.
Nami nilinyamaza.

Jana usiku nilimpelekea kipeperushi.
Alikuwa jikoni, soksi za sufu miguuni,
akakisoma polepole, kama mtu asomaye barua ya benki.
Akachukua kalamu, akakata "binti wa mfanyakazi",
akaandika juu yake: "wa Rosaire, vidole vinane".
Kisha akaniuliza bei ya kuchapa kwa rangi.
Nikamtajia.
"Basi iwe nyeusi tu," akasema,
akanisogezea bakuli la supu ya njegere,
na chumvi.