Dirisha la Magotini

Jumanne taa ilikuwa ya njano.
Jumatano ikawa nyekundu.
Diski ya tatu kutoka kushoto
imeacha kuzunguka bila kuaga.
Bi Tsonka, mkuu wa ofisi ya vipimo vya mto,
akaitazama kama mtu anayetazama bili ya mwenzake.
"Seva mpya ni mwakani," akasema.
Huyo Mwakani namjua.
Ana umri wa miaka sita sasa.

Nikaivisha maiti soksi ya sufu,
nikapanda treni ya alfajiri, Ruse hadi Sofia,
nimeipakata njia nzima.
Maduka makubwa nilishayapigia simu:
diski zao zina nafasi mara ishirini, bei nusu,
lakini seva yangu ni mkwe mkorofi,
asiye na jina la ukoo hamfungulii mlango.
Kipya kinyemi, husema watu.
Hawajawahi kutafuta kitu
ambacho kiwanda kimeshasahau kwamba kilikitengeneza.

Duka la Nayden liko chini ya jengo,
dirisha lake usawa wa viatu vya wapita njia.
Zamani humo waliuza sigara na bia,
na mteja alichuchumaa kwenye lami, akanyoosha mkono.
Mimi magoti yangu hayachuchumai tena.
Nikayapiga kabisa, juu ya theluji chafu,
mwanamke wa miaka hamsini na minne
akiongea na shimo.

"Ukubwa?"
Nikamwambia.
"Kasi?"
Nikamwambia.
"Nionyeshe marehemu."
Nikaivua soksi.

Nayden, jina lake maana yake Aliyeokotwa,
na kila alichonacho kimeokotwa:
rafu juu ya rafu, weusi na chuma,
harufu ya vumbi lililopashwa moto.
Akachomeka moja mezani, ikaguna, ikavuma.
"Hii ilikuwa benki. Saa elfu arobaini na moja.
Hii hospitali, Varna. Imelala zaidi."
Nikauliza kama zimefutwa kweli.
"Mara saba. Hata mimi sijui nani aliugua."

Nilitaka mbili, nikaona zinazofuatana namba,
safi, pacha, kwenye kasha moja.
Akanizuia mkono.
"Usichukue ndugu wa tumbo moja, mama.
Walizaliwa siku moja,
watakufa wiki moja.
Ya kwanza ikidondoka, ya pili
itadondoka wakati unaizika."
Akanipa moja ya benki, moja ya hospitali.
Leva sitini kila moja.
Risiti akaandika kwenye kipande cha boksi,
bila muhuri, na Bi Tsonka, ninavyomjua,
asiyeona muhuri haoni kitu.

Usiku, ofisini, nikaisukuma ndani.
Tik. Kimya.
Kimya kirefu, nikaanza kuhesabu fedha zangu.
Kisha kijani, ikipepesa, ikipepesa:
mgeni anafundishwa na waliobaki
kila kina cha maji tangu tulipofungua,
mafuriko, ukame, ile Aprili tuliyolala juu ya mifuko ya mchanga,
naye hana anachokijua, anameza tu.
Asilimia nne.
Saa kumi na moja, inasema, bado.

Nilikuwa sijawaza zile za zamani.
Trei ya kwanza, ya pili, ya nne:
kasha moja, namba zinafuatana,
nilizifunga mwenyewe, kwa fahari, mchana mmoja.

Asilimia sitini na tisa,
ya nne ikaanza kukwaruza,
kama panya nyuma ya kabati.
Sikuigusa. Sikupumua karibu nayo.
Nikavaa koti, nikashuka ngazi hadi gatini,
nikamulika tochi kwenye nguzo ya vipimo.
Danubi ulikuwa unapita na vipande vya barafu,
haujui kama tunauandika.
Mia tatu themanini na saba.
Nikaandika nyuma ya risiti ya Nayden,
kwa penseli,
tarehe, saa,
nikaanza kupanda tena kwenda kusikiliza.