Dakika Kumi na Moja

Fomu inasema: Eleza kwa ufupi.
Wameniachia mstari mmoja, mwembamba kama uzi.
Basi nitaandika nyuma ya karatasi.

Mimi ni Solvita Krastiņa, rubani msaidizi,
kiti cha kulia, usiku wa nne mfululizo:
Riga hadi Antalya, Antalya hadi Riga,
watalii mia na themanini na tatu
na mabega yao yaliyobabuka kwa jua,
na mtoto mmoja aliyelala
bila kuachia boya lake la manjano.

Ratiba yasema nilipumzika saa kumi.
Ratiba haikai nyumbani kwangu.
Nilibandika dirishani karatasi ya fedha,
ileile ya kuokea samaki,
lakini Juni ya Riga haina giza la kukopesha,
na jirani wa juu ameamua mwaka huu
kutoboa kuta zake zote.
Nililala saa mbili na nusu. Nilizihesabu,
na kuhesabu nako kukala nyingine.

Kuna usingizi ubishao hodi.
Na kuna ule wenye ufunguo wake.

Saa tisa na dakika arobaini za usiku,
taa za Cluj upande wangu wa kulia
kama makaa chini ya majivu,
Kapteni Gvido Sproģis akaniambia:
Funga macho kidogo, nitaangalia mimi.
Kanuni inaruhusu. Mmoja hulala, mmoja hukesha.
Nikafunga.

Husemwa mwenye macho haambiwi tazama.
Macho tulikuwa nayo, manne, mazima,
ya kupimwa na daktari kwa mhuri.

Aliyeniamsha ni mwanamke wa Budapest, redioni.
Alikuwa akituita kwa mara ya sita,
bila hasira, kwa ile sauti ya chini
ya mtu anayemwamsha mwanafunzi siku ya mtihani.
Gvido, kidevu kifuani,
miwani ikining'inia kwenye sikio moja.
Nikatazama saa.
Dakika kumi na moja.
Kilomita mia moja na arobaini.

Ndege ilikuwa imenyooka, tiifu,
ikinywa mafuta yake taratibu,
haijui kwamba haina mtu.

Hilo ndilo ninalolikumbuka nikiwa bafuni,
nikichemsha yai, nikitafuta soksi:
si hofu. Ni ule utulivu.

Tulitua Riga jua limeshachomoza.
Namba ya njia ya kurukia niliisoma mara tatu.
Magurudumu yaligusa kama mkono juu ya kitambaa,
nyuma wakapiga makofi.
Makofi!
Gvido akafuta miwani yake muda mrefu
kisha akasema, Tusiandike.
Ana mkopo wa nyumba Jūrmala. Bado miaka miwili astaafu.
Sina la kumlaumu:
aliniazima usingizi
ambao yeye mwenyewe hakuwa nao.

Mlangoni nilimwona yule mtoto
akishuka begani kwa baba yake, bado amelala,
boya likigonga ngazi, tap, tap.
Nikavua kofia. Sijui kwa nini.

Mchana simu ikalia. Agnija, ofisi ya ratiba,
msichana mwenye mafua ya kudumu na moyo mzuri.
Solvita, leo utaweza Hurghada? Kuna mtu ameumwa.
Nikasema, Hapana.
Nikasikia vidole vyake vikisimama juu ya vibonye.
Niandike unaumwa?
Siumwi.
Una msiba?
Bado.
Sasa niandike nini?
Andika nimechoka.

Akakaa kimya. Akapenga kamasi.
Hakuna kisanduku cha hivyo, akasema,
polepole, kama aliyekuwa akikitafuta
tangu siku aliyoajiriwa.

Basi kichore, Agnija.
Kichore.