Nukta

Jina la sabuni yetu limekwenda.
Jana lilikuwepo. Leo, umeme uliporudi Chake,
nafungua simu, nakuta ukurasa mweupe,
jina lile lile,
na chini yake bei kwa dola.

Mama yuko ukumbini, anachambua karafuu.
"Nani kakuibia?"
Hakuna aliyeiba. Mwaka ulikwisha
tukiwa Mkoani, hospitali, na mguu wako.
Barua ya kukumbusha ilikuja. Sikuifungua.

"Si ulilinunua? Risiti n'liiona."
Nilidhani nimelinunua.
Kumbe nimekodi, mwaka kwa mwaka.
"Kwa nani?"
Kwa duka.
"Na hilo duka?"
Limeruhusiwa na mwenye herufi,
zile tatu zinazokaa baada ya nukta.
"Na mwenye herufi, kazizaa yeye?"
Hapana, mama. Kakabidhiwa kwa mkataba
na wenye daftari kuu, huko ng'ambo,
wanaokaa kikao wakaamua
mwisho upi uwepo na upi usiwepo.

Akanyamaza.
Vidole havikusimama: kikonyo huku, karafuu huku.

"Babu yako Faki alikuwa na mikarafuu
arobaini na mmoja, Mgagadu.
Kaipanda mwenyewe, kaibebea maji kwa kichwa
mwaka ule wa jua kali.
Miti yake. Ardhi si yake.
Mwenye shamba alipokufa
warithi wakaja na kamba ya kupimia.
Hawakukata hata tawi.
Walimwambia tu: Mzee, njia hii imefungwa."

Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia.
Nilijua tu kwamba babu, msimu ukifika,
hakutaka kukaa upande wa upepo.

"Na zile mbili za nchi? Si zipo?"
Zipo. Te na zedi. Zina ofisi yao, zina fomu.
"Hiyo zedi ndiyo sisi?"
Nikacheka.
Yeye hakucheka. Kwa kidole, juu ya sinia,
katika vumbi la karafuu, aliandika:
nukta, kisha te, kisha zedi.
Akaitazama ile ya mwisho muda mrefu,
kama mtu anayetafuta mtoto wake
katika picha ya darasa zima.
Halafu akapuliza.

Usiku nimejaza fomu.
Inauliza: Jina la mmiliki.
"Andika mpangaji," anasema kutoka kitandani.
Nafasi hiyo haipo, mama.
"Basi andika langu. Mimi nishazoea."

Mwanakheri Faki Shaame, naandika,
na nukta naiweka mwenyewe,
taratibu, kama anayechomeka mche
asiyeuliza shamba la nani.
Nalipia miaka mitano.
Kwenye kalenda ya duka la mbao
hakuna mwaka wa mbali hivyo wa kuzungushia wino,
kwa hiyo nimeandika ukutani, juu ya msumari:

Usisahau.